Chungu cha Clélie

Aurore Gautreau hakuwa na ugomvi na mtu yeyote aliye hai. Aliyekuwa akigombana naye alikuwa amelala makaburini nyuma ya kanisa, chini ya zege lililopakwa chokaa, na hamjibu. Ndiyo tabu ya mke mwenza aliyekufa. Humtukani akakutukana, humpiti dukani ukambetulia mdomo, huwezi hata kungoja azeeke ukamcheka mvi. Clélie alikufa na nywele zake nyeusi na sifa zake zote, na watu wa huku kwetu ni mafundi wa kumsifu marehemu.

Mimi ni jirani yao. Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na ngazi za nyuma za nyumba yao, kwa hiyo ninayoyasema sikuyaokota barabarani. Mengine niliyaona, mengine Aurore aliniambia mwenyewe, na siku yenyewe nilikuwepo. Tena niseme mapema kwamba mimi nilikuwa upande wa Aurore. Anayetaka upande wa wifi yake, Zulma, akamuulize Zulma, anapenda sana kuulizwa.

Ovide Gautreau alikuwa mgane alipomwoa Aurore na kumtoa Vacherie, ng'ambo ya mto. Kwao Aurore alikuwa mpishi wa kutajwa. Arusi haikupangwa bila kumwita. Alikuja na masanduku yake, cherehani yake, na sufuria zake za bati alizozifunga kwa magazeti ili zisikwaruzane. Zile sufuria hazikumaliza wiki jikoni. Zilihamia stoo, kwa sababu juu ya jiko la Ovide palikuwa tayari na mwenyewe.

Kilikuwa chungu cha chuma, kizito, cheusi tii, kipana kiasi cha kumwogeshea mtoto. Ndani kiling'aa. Chungu cha chuma huku kwetu hakionjeshwi sabuni. Kinafutwa kwa chumvi na kitambaa, kinapakwa mafuta, kinarudi jikoni, basi. Kila nyama iliyokaangwa humo inaacha mafuta yake, mafuta yanashika juu ya mafuta, mwaka juu ya mwaka, mpaka chuma kinaota ngozi. Hapo tunasema kimekolea. Chungu kilichokolea kinashika nyama kiasi unachotaka na kuiachia ukiiambia iachie, na mtu wa huku atakuazima gari lake kabla ya kukuazima chungu chake.

Siku ya kwanza Aurore alipopika jambalaya, wali wetu wa nyama na soseji unaoivia chungu kimoja, katika nyumba ile, Ovide alikula sahani mbili, akaegemea kiti, akafumba macho. Aurore alisimama na taulo mkononi, anangoja.

"Aaa," Ovide akasema. "Chungu cha Clélie hakikosei."

Aurore akacheka, kwa sababu alikuwa bado mgeni. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye hakutabasamu tena. Alizidisha vitunguu, akabadilisha soseji, akatia pilipili mpaka watu wakatokwa na kamasi, na sifa zikaenda kulekule. Siku moja akatoa sufuria yake ya bati stoo, akapikia humo bila kusema neno. Ovide akala kwa adabu, kama mtu aliyealikwa na padri, kisha akauliza, "Kwani chungu kimepata nini?"

"Nataka neno moja tu," Aurore aliniambia tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ua. "Sitaki aseme mimi ni bora kuliko yeye. Aseme tu, jambalaya ya Aurore. Mara moja. Halafu nife."

"Usife kwa ajili ya wali, mwenzangu."

"Si wali! Mimi nikifa leo, wale ndugu za Ovide watakuja hapa kumpa pole chungu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika shati la Ovide na kulikamua ingawa lilikuwa limeshakamuliwa. Wivu ulikuwa umemkaa mwilini mpaka mikononi, na mimi niliyemjua mke wa kwanza kwa sifa tu, maana nilihamia hapa yeye keshakufa, nilianza kumchukia Clélie kwa kumsaidia jirani yangu.

Sasa, Siku ya Watakatifu Wote ndiyo siku kubwa ya familia ile. Siku ya kuamkia, wanasafisha makaburi, wanayapaka chokaa upya, wanapanga maua ya Novemba, yale makubwa ya njano. Siku yenyewe padri anapita na maji ya baraka, halafu wote, na jirani juu yao, wanakuja kula jambalaya kwa Ovide. Anayeipika siku hiyo ndiye mwenye nyumba. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini hakuna asiyelijua.

Asubuhi ya siku ya kuamkia, Zulma alileta nyama. Zulma ni dada yake Ovide, mwanamke mrefu mwenye shingo ya kuchungulia, na ulimi wake haujawahi kupumzika hata kwa mafua. Aliweka kifurushi mezani.

"Wifi, nimekuletea nguruwe wa kutosha, na soseji za moshi zile nzuri. Zile alizozipenda Clélie."

"Asante, wifi. Na mimi nazipenda."

"Eh. Sawa." Zulma akakisogelea chungu, akakipapasa ukingoni kama shavu la mtoto. "Usije ukatutilia nyanya tu. Ninyi wa ng'ambo, mkono wenu na nyanya!"

"Zulma, tangu nizaliwe sijatia nyanya kwenye jambalaya, na unajua."

"Jamani, si natania! Mbona huna utani siku hizi? Tena hata usijichoshe. Washa moto, tia vitu, kaa pembeni upumzike. Chungu kinajua kazi yake."

Aurore aliniambia baadaye kwamba alihesabu vitunguu ili asiseme kitu.

Mchana walikwenda makaburini. Aurore alibeba maua, Ovide akabeba ndoo ya chokaa. Kuna makaburi ya Gautreau chungu nzima pale, na binamu zao waligawana kazi, lakini kaburi la Clélie Ovide hampi mtu. Alilipaka chokaa pande zote kwa brashi kubwa. Kisha akatoa mfukoni brashi ndogo na kikopo cha rangi nyeusi, akapiga magoti, akaanza kupitisha rangi kwenye herufi za jina, moja moja, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Aurore alikuwa nyuma yake na maua mikononi. Ovide hajawahi kuandika jina la Aurore hata juu ya bahasha bila kukosea.

Na kama haikutosha, yule mwanaume akaanza kuongea na kaburi.

"Basi, kesho tunakula kwako, Clélie," akasema. "Aurore atapika kwenye chungu chako. Usiwe na wasiwasi."

Kwako! Nyumba anayoifagia Aurore, mashuka anayoyafua Aurore, bomba la jikoni lililovuja mpaka Aurore alipolifunga kwa mkono wake, yote ni kwako. Na yule wa chini asiwe na wasiwasi! Aurore aliyaweka maua juu ya kaburi, kwa upole, kwa sababu hakujiamini kuyaweka kwa namna nyingine. Akasema kichwa kinamuuma. Akarudi nyumbani peke yake, kwa miguu, na njiani hakumsalimia mtu.

Mimi nilikuwa namenya viazi dirishani. Nikamwona anatoka kwenye ngazi za nyuma na ndoo, sabuni ya unga, chupa ya siki na steelwool, na kopo la mchanga kutoka ukingoni mwa bayou, kile kijito chetu cha maji ya polepole. Akaingia tena, akatoka na kitu kizito kifuani. Akakaa, akakibana katikati ya magoti, akaanza kusugua. Nikadhani ni beseni. Halafu kile kitu kikageuka, nikakijua, nikafanya ishara ya msalaba na kisu cha viazi mkononi.

Sikutoka kumzuia, na sijuti. Nilifungua dirisha tu nisikie vizuri.

"Toka," alikuwa anakiambia chungu. "Hii ya Pasaka, toka. Hii ya ubatizo wa sijui nani, toka. Hii ya siku aliyompikia mume wangu akiwa kijana, na meno yake yote, na mimi sipo, toka. Toka! Toka!"

Maji yalitoka meusi, akamwaga, akatia mengine, yakatoka meusi tena. Ile ngozi ilibanduka kwa vipande vidogo vilivyomganda vidoleni. Jasho lilimtiririka na nywele zikamfunguka, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa uso wa mtu aliye arusini. Alipomaliza alikiinua juani. Kilikuwa cha kijivu kila mahali, uchi kabisa, chuma kama kilivyotoka kiwandani. Hapakuwa na Clélie hata chembe. Aurore alikicheka kwa sauti, peke yake uani, na mimi nikacheka jikoni kwangu.

Lakini chuma kilicho uchi hakisubiri. Kabla hata hajakifuta vizuri, kutu ilianza kuchungulia chini. Akakikimbiza ndani, akakikausha motoni, akakipaka mafuta ya nguruwe, akakitia katika oveni. Alijua. Kila mtu wa huku anajua kwamba ngozi ya chungu hairudi kwa mchana mmoja, unaipaka na kuichoma, unaipaka na kuichoma, na miezi inapita kabla hujathubutu kukipikia wali. Alijua, na akajiambia kwamba hao wanaohitaji chungu kiwafundishe ndio wahofu. Yeye ana mikono.

Ovide aliporudi alinusa hewani. "Siki? Unatengeneza achari?"

"Ndiyo," Aurore akasema. Chungu kilikuwa juu ya jiko, kimefunikwa kitambaa cha maua.

Kesho yake wote walikwenda misani na Aurore akabaki kupika. Haya ya jikoni aliniambia yeye, na nayaamini, kwa sababu mtu hajisingizii namna hii.

Alikata nyama vipande sawasawa. Akayeyusha mafuta, akatia nyama, akangoja. Pale ndipo jambalaya yetu inapozaliwa, kwenye kungoja: nyama inashika chini, inakuwa rangi ya kahawia, unaikwangua, inashika tena, unaikwangua tena, na ile kahawia ya chini ndiyo itakayoupa wali rangi na ladha. Sisi hatuna kingine cha kuupa rangi. Basi Aurore akangoja. Nyama ikashika. Akaipitishia mwiko, haikuachia. Akasukuma, ikachanika, nusu ikaja na mwiko na nusu ikabaki chini. Akapunguza moto, na chini ya chungu kukatoka kijivu kukaingia weusi bila kupita kwenye kahawia.

"Achia," akakiambia. "Achia, mwanaharamu wewe."

Akakumbuka sufuria zake za bati. Alitembea mpaka mlango wa stoo, akashika kitasa. Angeweza kuhamisha, nyama iliyokuwa juu ilikuwa bado nzuri, na siku ingeokoka. Lakini alishamsikia Zulma kichwani, neno kwa neno: chungu cha Clélie kimemkataa. Akaachia kitasa, akarudi jikoni.

Akatia vitunguu, pilipili hoho na seleri, tele, akitumaini maji yake yatalegeza ile gundi. Yalilegeza kidogo. Akatia soseji, akatia maji, akaacha yachemke, akachungulia. Mchuzi wa jambalaya unatakiwa uwe rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Huu ulikuwa kijivu, maji ya paa la bati. Akauonja, akasikia chuma kwenye fizi. Akatia chumvi. Akaonja, akatia pilipili. Akamimina mchele, akafunika.

Ukishafunika hufunui. Hiyo ni sheria, na nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya mfuniko. Mvuke ukitoka, mchele unabaki mgumu. Unangoja, unafunua mara moja tu, unageuza kutoka chini kuja juu, taratibu, hukorogi, unafunika tena. Aurore alisimama mbele ya jiko na mikono ameibana kwapani ili isishike mfuniko. Kengele za kanisa zikalia, misa imekwisha. Ndipo harufu ikaanza, nyembamba, ya pembeni. Akajiambia ni soseji. Harufu ikanenepa. Akajiambia ni mafuta yaliyomwagika jikoni. Alipofunua, moshi ulimpiga usoni, akageuza kwa nguvu, akafunika, akafunua tena, akafunika tena, na hapo ndipo alipoukosa wali chini na juu kwa pamoja.

Zulma alifika kabla ya wote. Mimi nilikuwa nyuma yake na mkate kwapani, nikamwona pua ikitangulia tangu getini.

"Nini kinaungua? Wifi! Nini kinaungua humu?"

"Chakula," Aurore akasema.

Zulma akafika jikoni, akashika mfuniko kwa pindo la gauni lake jipya. Akatazama. Hakutazama wali. Alitazama ukingo wa chungu, ule ukingo wa kijivu, akauparuza kwa ukucha. Akaangalia ukucha.

"Umekiosha."

"Ndiyo."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, kwa siki, kwa mchanga. Na kama ningekuwa na baruti ningetia."

"Yesu, Maria na Yosefu!" Zulma akaegemea meza. "Umemuua! Umemuua Clélie mara ya pili, tena siku ya makaburi!"

"Vizuri!" Aurore akapiga kelele, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. "Afe! Mara ya kwanza hamkumwacha afe! Kila ninachopika mimi anasifiwa maiti! Mikono yangu imeungua, macho yangu yametoka machozi ya vitunguu, mgongo unaniuma, halafu mnashiba mnakishukuru chuma! Mimi ni nani humu ndani? Mwangalizi wa chungu? Ndiyo nina wivu. Nina wivu na mfu. Nina wivu naye nikilala, nina wivu naye nikiamka, jana nimemwonea wivu kaburi lake kwa kupakwa rangi! Haya, umesikia. Kawatangazie."

Zulma alikuwa amefungua mdomo, lakini alikuwa anatazama mlangoni. Ovide alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, binamu zake wawili nyuma yake. Walikuwa wamesikia yote, hata viziwi wangesikia.

Ovide akapita katikati yetu, akaenda kwenye jiko, akazima moto. Akachukua mwiko, akachimba wali mpaka chini, akakwangua, akatoa kipande cheusi, akakinusa. Nikamwona mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Kumbe yule mzee anajizuia kucheka.

"Zulma," akasema. "Hiki chungu kabla hakijawa cha Clélie kilikuwa cha nani?"

"Cha mama. Swali gani hilo?"

"Na mama alipotupatia, mimi na Clélie, mwaka tuliooana, watu walikuwa wakila wanasemaje?"

Zulma akafikiri. Nilimwona akifika kwenye jibu na kutamani kurudi.

"Chungu cha Mama Philomène hakikosei," akasema polepole.

"Kila siku. Wewe ukiwa wa kwanza." Ovide akageuka kwa Aurore. "Siku moja natoka kwenye miwa, namkuta Clélie pale ukingoni mwa bayou, amekaa kwenye matope, anakisugua kwa mchanga na kulia. Anasema, toka bibi kizee wewe, toka. Akapikia Jumapili. Ikaungua. Tukaenda kuimwaga majini kabla hamjafika, na mama akaambiwa gesi imeisha."

"Ile Jumapili ya mkate na jibini?" Zulma akauliza. Sauti ilikuwa imemwishia.

"Ndiyo hiyo. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nami sijasema mpaka leo."

Mimi nilipumua. Nilisema moyoni, haya, yamekwisha, mwanamke mwenzake naye alikuwa mtu, alikuwa na roho ya kuuma kama sisi wote. Nilimgeukia Aurore nikitegemea kumwona amepona. Lakini Aurore alivuta kiti akakaa, na uso ukamshuka vibaya kuliko mwanzo.

"Hata hili," akasema.

"Hata lipi, mama?" Ovide akauliza.

"Hata hili alinitangulia. Nilidhani hili ni langu." Alitazama mikono yake, iliyochubuka kwa steelwool. "Kusugua alisugua yeye. Kulia alilia yeye. Hata kuunguza, Ovide. Hata kuunguza nimeunguza nyuma yake."

Ovide, maskini, alikuwa ameitoa siri ile kama zawadi, na sasa hakujua aweke wapi mikono. Akamtazama Zulma, akanitazama mimi, nikaangalia mkate wangu. Mwishowe akafanya kitu pekee ambacho mwanaume wa huku anajua kufanya jikoni. Akachukua sahani, akajipakulia, akakaa mezani kando ya mkewe, akaanza kula. Tulisikia meno yake yakivunja.

"Ovide, acha," Aurore akasema. "Utaumwa tumbo."

Ovide alitafuna. Alichukua muda. Akameza kwa kusaidiwa na maji, akatia kijiko tena, akatafuna tena kwa uso wa mtu anayepima jambo la haki.

"Hapana," akasema. "Clélie hakufika hapa."

"Hakufika wapi?"

"Yake iliungua chini tu. Juu ilikuwa imeiva, ungeweza kula ukifumba macho. Hii chini ni mkaa, juu mchele unaruka, na katikati kuna ladha ya msumari." Akalamba meno. "Siwezi kukudanganya siku ya leo. Sijawahi kula kitu kama hiki kwa mkono wa mtu yeyote."

Aurore akainua kichwa. "Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote. Hata jeshini."

Zulma hakuweza kukaa nje ya jambo hilo. Akachukua kijiko, akachota punje chache, akaonja kwa ncha ya ulimi, halafu akazitemea zote ndani ya leso.

"Mungu atusamehe sikukuu yake," akasema huku akijifuta mdomo. "Nguruwe tu ndiye angeila jambalaya ya Aurore, na nguruwe mwenyewe awe na njaa."

Aurore akasimama polepole.

"Umesema jambalaya ya nani, wifi?"

"Ya nani tena? Ya Aurore! Kuna mtu mwingine duniani angepika uchafu huu?"

Aurore akafuta mikono kwenye gauni, akapanga sahani mezani, akachukua mwiko. Akatupakulia wote, mimi, binamu, kila mtu, na hakuna aliyethubutu kukataa. Ya Zulma aliijaza mpaka ukingoni.